Namba Juu ya Mlango

Watu wakisikia kwamba niliwahi kufanya kazi ya utafiti, wananiangalia kwa heshima, na mimi heshima hiyo sina pa kuiweka. Wanadhani nilivaa koti jeupe. Nilivaa suruali iliyochanika magotini na nilibeba kopo la rangi. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri: daktari anasema kwa Kifaransa, mimi nasema kwa Kiswahili, wanakijiji wanajibu, mimi narudisha. Kila neno la mambo yale lilipita mdomoni mwangu, la huku na la kule, na mpaka leo yapo mengine nikiyakumbuka nataka kusukutua.

Nilikuwa mwalimu hapa Kindu, miaka ile ya mwisho mwisho ya Zaire ya chama kimoja, wakati serikali ilikuwa imebaki picha ukutani na wimbo wa kupandisha bendera asubuhi. Mshahara ulikuwa hadithi. Basi alipokuja daktari akitafuta mtu wa Kifaransa anayejua pia maneno ya vijiji vya njia ya reli, niliacha chaki palepale.

Daktari alikuwa Mzaire mwenzetu, mtu wa Kinshasa, mwembamba, koti lake la kizalendo limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwa la kuchoma. Kiswahili chake kilikuwa ni jambo na asante tu. Alipanga nyumba ya zamani karibu na stesheni, akaweka mikroskopu mbili mezani na friji ya mafuta ya taa, akaniambia ametumwa kujaribu dawa mpya ya macho. Ugonjwa wenyewe hauhitaji shule kuujua. Minyoo midogo inakaa chini ya ngozi, mtu anajikuna usiku na mchana, anajikuna hata kwa kigae cha chungu, ngozi inazeeka kabla ya mwenyewe, kisha siku moja minyoo inaingia machoni. Wanaoileta ni vijinzi vyeusi, vidogo mno, vinavyozaliana pale maji yanapopiga mawe kwa nguvu. Ukishuka njia ya Kibombo kuna kijiji kando ya maporomoko ya namna hiyo. Jina lake sitalitaja. Daktari alikichagua kwa sababu ya wingi wa vipofu wake. Mimi nilikijua kwa sababu dada yangu ameolewa huko.

Huyo dada, yaya kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, ndiye aliyenilea. Mama alikufa mimi bado sijaota meno yote, na dada akawa mama, ingawa naye alikuwa msichana tu. Wakati treni zilikuwa bado zinakuja, alikuwa anauza chikwange, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majani, stesheni, anakimbia kandokando ya mabehewa na beseni kichwani. Alikuwa na macho! Treni haijasimama, yeye ameshaona dirisha gani lina mwenye njaa na dirisha gani lina mwenye maneno mengi bure. Kwa macho hayo nilisoma mpaka nikapata diploma. Baadaye aliolewa na mkulima mmoja wa mpunga, mtu mpole, asiye na mtoto kama yeye mwenyewe alivyokosa mtoto, na wakazoeana sana.

Shemeji yangu huyo alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni mlango. Nyumba nyingi pale zilifungwa kwa tete zilizosukwa au kwa mabati mabovu, ila yake ilikuwa na mlango wa mbao nzito, na bawaba alizitoa kwenye behewa lililoanguka zamani. Ukiufunga unasikia. Dada alikuwa anaupaka mawese ili usipasuke na jua.

Tulipofika mara ya kwanza na jeep ya utafiti, daktari, mimi na dereva, dada alinipokea kwa furaha, akanipikia wali. Nikauma jiwe. Nikauma la pili. Dada yangu, ambaye zamani usingemkuta na punje ya mchanga! Aliposikia meno yangu alisema, "Muchele ya siku hizi iko muchafu sana, mudogo wangu." Nikamwangalia alivyokuwa anapapasa sahani kabla ya kuiweka chini. Nikala mawe yangu.

Kazi ilianza. Daktari alikuwa na utaratibu wake, na nikiri kwamba nilipenda kuutazama. Kwanza alizunguka kijiji chote kwa miguu, akachora ramani ya kila nyumba, kila njia, kila choo. Kisha watu wakaitwa mmoja mmoja. Anapapasa mbavu na nyonga kutafuta vinundu. Anashika koleo dogo na kunyofoa nyonga ya mtu kipande cha ngozi kidogo kama punje ya chumvi, anakitia kwenye tone la maji, na ukiinama juu ya mikroskopu unaona minyoo ikitoka humo ikijinyonganyonga. Mwisho mtu anasimamishwa mbali, anaonyeshwa vidole: hivi ni vingapi? Dada yangu alijibu sawasawa kwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa linabahatisha. Daktari akaniambia kwa Kifaransa kwamba huyu bado anaokoleka, dawa haitamrudishia alichopoteza lakini itazuia kilichobaki kisiende, na kwamba asichelewe. Maneno hayo niliyatafsiri polepole, mara mbili, ili dada ayasikie vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo moja gumu. Dawa isingepewa watu wote kwa pamoja. Nusu ya nyumba zingemeza mwaka huo, mara mbili, mvua ya kwanza na mvua ya pili, na nusu nyingine zingengoja, ili daktari awalinganishe hawa na hawa na kujua kama dawa inafanya kazi kweli. Nilisimama mbele ya kijiji kizima nikaeleza. Mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha zamani aliuliza, "Ni kusema munataka kuangalia vile tunapofuka?"

Nikamrudishia daktari swali lile kama lilivyo, bila sukari. Akasema, "Mwambie bila kulinganisha sitajua, na nisipojua, hakuna atakayeleta dawa kwa wengine."

Mzee aliitikia "haya." Hiyo haya ya kwetu haina maana kwamba mtu amekubali, ila hatukuwa na nafasi ya kuichambua.

Sasa, utawatambuaje watu utakaporudi baada ya miezi? Kwa majina, utasema. Lakini sisi tulikuwa Wazaire, na majina yetu yalikuwa vurugu. Raisi alikataza majina ya ubatizo, watu wakatafuta ya mababu, wengine wakaokota yoyote ilimradi yapite. Mtu mmoja alikuwa na jina la kitambulisho, jina la kanisani analolificha, jina la nyumbani, na jingine la kumpa mtoza kodi. Daktari alijaribu kuandika majina siku moja tu akachoka kabisa. "Hawa watu wenu wanabadilika kila nikigeuka," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyewabadilisha. Akaamua kwamba mtu atajulikana kwa nyumba yake: nyumba namba fulani, mwanamume wa nyumba, mwanamke wa nyumba, watoto kwa kufuatana. Namba itapakwa rangi nyeupe kwenye mlango. Ukutani haifai, kwa sababu kila kiangazi watu wanakandika upya udongo na namba ingezama humo. Mlango haukandikwi. Sote tuliona ni akili nzuri, mimi, dereva, hata kapita, yaani mkuu wa kijiji, ambaye alitembea nasi mlango kwa mlango akishika kopo.

Hakuna aliyesema kitu kuhusu tabia ya milango ya pale. Wenyeji hawakusema kwa sababu kwao ni jambo la kawaida mno, nani atamweleza mgeni kwamba maji yanalowesha? Mimi nilizaliwa Kindu mjini, katika nyumba za matofali za watu wa reli, ambako mlango unakufa na nyumba yake. Kule kijijini nyumba ni udongo, inaanguka, inajengwa nyingine. Mlango ndio mali. Mtu akihama anauchukua begani. Akiozesha anaweza kumpa mkwe. Akifa, ndugu zake wanaung'oa siku ya kugawa vitu, pamoja na shoka na baiskeli.

Siku ya kuchagua, daktari aliandika namba zote kwenye vifuniko vya chupa za bia, akavitia kwenye sufuria, na bibi mmoja kizee akaombwa avitoe kimoja kimoja mbele ya watu wote, asije mtu akasema kuna upendeleo. Kinachotoka kinameza mwaka huu, kinachobaki kinangoja. Nilisimama pale nikiita namba. Namba ya dada ilitoka mapema kabisa. Niliiita kwa sauti kubwa kuliko zile nyingine, na daktari akanitazama. Dada, kule alikokuwa amekaa, aliinamisha kichwa akajifunika uso kwa kitenge. Alikuwa analia kwa furaha, akiona haya mbele ya majirani ambao namba zao zilikuwa bado hazijatoka.

Tukarudi Kindu kungoja dawa ifike kwa ndege. Ilichelewa, kama kila kitu. Kiangazi kikaingia, kikaanza kuisha, na siku moja mtu wa baiskeli akaniletea habari kwamba shemeji amekufa. Tumbo lilimshika shambani, na kabla hawajapata wa kumbeba alikuwa amekwisha. Nilikwenda kuzika. Kaka yake aliwahi pia, alitoka Kalima ambako alikuwa anachimba kasiteriti, mawe ya bati, mtu mkubwa wa mwili, aliyeachwa na mke wake, mwenye sauti ndogo ya adabu. Aliniita "bwana mwalimu." Alilia sana kaburini na nilimwonea huruma.

Niliporudi tena kijijini, safari hii na daktari na dawa, nilikuta dada ametundika mkeka mahali pa mlango. Kaka wa marehemu alikuwa ameamua asirudi Kalima. Alijenga upande wa pili wa njia, na mlango wa mbao ulikuwa kwake, na namba yetu nyeupe juu yake, safi kabisa, haijachubuka hata kidogo. Milango mingine kadhaa nayo ilikuwa imehama. Mtu mmoja alikuwa ameuficha wake porini, maana vijana wa chama walikuwa wameanza kuzitumia namba zetu kuwaita watu kwenye salongo, zile kazi za lazima za Jumamosi. Yaani namba za dawa zimegeuka namba za kulimia barabara. Ungecheka, kama lingekuwa jambo la kuchekesha.

Daktari alikwenda mlango kwa mlango. Anasoma namba, anaita: mwanamume wa nyumba! Mtu anapimwa urefu kwenye ubao, anapewa vidonge kwa kadiri hiyo, anameza mbele ya daktari, anafungua mdomo, anaonyesha ulimi. Tulipofika kwenye mlango wa mbao, mwanamume wa nyumba alitoka akiwa ndiye huyo kaka mtu, akasimama kwenye ubao kwa heshima zote, akameza.

"Mwanamke wa nyumba?" akauliza daktari.

Nikasema kwa Kifaransa, harakaharaka, kwamba mwanamume wa nyumba hii amekufa, huyu ni ndugu yake, mlango umehamishwa, na mwanamke wa nyumba ni yule pale. Nikanyoosha kidole. Dada alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, mbele ya mkeka wake, amejifunga kitambaa cha msiba, ameelekeza uso upande wa sauti zetu.

Daktari alimtazama. "Analala nyumba hii?"

"Hapana. Ila namba ni yake. Wewe mwenyewe ulimpima."

"Niliipima nyumba," akasema. Na akaandika kwa kalamu yake: mwanamke, hayupo. Dada yangu amesimama hapo hapo, jua linampiga, na kwa sayansi hayupo.

Ndani ya jeep nilifoka. Sijawahi kumfokea mtu wa cheo kama siku ile, na dereva alikaza macho barabarani kama asiyejua Kifaransa. Daktari aliniacha nimalize. Alisema, "Nikimwingiza dada yako, kesho nitamwingiza mama wa kapita. Keshokutwa atakuja kamishna na watu wake. Dawa itakwisha kwa wenye ndugu. Wewe si ndiye unayelalamika kila siku kwamba nchi hii inaendeshwa kwa undugu?"

Ni kweli, nililalamika. Barazani kwake nilikuwa nimemwaga yote: kazi zinapewa wapwa, mishahara inaliwa na mashemeji, hata kitanda cha hospitali lazima uwe na mjomba. Sasa mimi hapa na dada yangu. Nilijiona mnafiki na bado nilitaka vidonge vile, nilivitaka kwa roho yangu yote. Kuviiba nilifikiri. Vilikuwa ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo shingoni mwake.

Nilipata ruhusa nikarudi kijijini peke yangu, nikamwendea yule kaka mtu. Alinitolea kiti, akanipa mawese ya kuchovya na muhogo wa kuchoma. Nilimwambia: mrudishie mjane mlango wake mpaka mvua ya pili, dawa ikimezwa uchukue, hata mimi nitakubebea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana mwalimu, mulango njo ya kaka yangu," akasema na ile sauti yake ndogo. "Vitu ya kaka yangu vyote viko hapa, umeviona. Kunabakia kimoja tu." Akatazama ng'ambo ya njia, kwenye mkeka. "Umuambie aingie. Mulango haina kufuli."

Kurithi mjane si jambo geni kwetu, sitaki kujifanya mzungu. Kuna waliorithiwa wakapata amani. Lakini dada alikuwa ameshakataa, siku ya kutoa matanga, mbele ya ukoo wote, akasema atabaki na shamba lake na jina la mume wake. Walimwacha kwa sababu hana mtoto wa kugombania. Sasa mtu huyu alikuwa amepata ufunguo. Nilitoka pale bila kuaga, na hilo peke yake kwetu ni tusi.

Niliapa sitamwambia dada. Alinikuta njiani na fimbo yake. Alikuwa ameanza kushika fimbo.

"Amekuambia niingie," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Mudogo wangu, yeye aliniambia kabla yako. Kila asubuhi ananiambia." Tukatembea kidogo. "Nitaingia."

Nikasema hapana. Nilisema mengi: njoo Kindu ukae kwangu, mke wangu atakutunza, nitazungumza tena na daktari, dawa itapatikana mahali pengine. Mahali gani? Dunia nzima dawa ile ilikuwa kwenye sanduku moja la chuma, kwa kadiri tulivyojua. Dada alingoja nichoke.

"Wewe unaona," akasema. "Unaniambia juu ya heshima na unaona njia, unaona mawe, unaona sura yangu. Mimi hii jicho moja njo iko yangu. Ikizimika, huko Kindu nitakaa kwenye kona ya nyumba yako, mke wako ananipa sahani mukononi. Sitaki. Afazali nimuvumilie ule mwanaume."

Nilirudi Kindu nikamkuta daktari ameinama kwenye mikroskopu barazani. Nikamuuliza waziwazi: mwanamke yule akikaa katika nyumba yenye namba, siku ya mvua ya pili, atapewa? Aliinua kichwa. Nakumbuka alama ya duara kwenye jicho lake. Alisema, "Kama anakaa humo, ndiye mwanamke wa nyumba. Atapewa." Alisema kwa moyo mweupe, nilimwona, na mimi nikapeleka jibu hilo kwa dada kama lilivyo. Jumapili iliyofuata aliondoa mkeka, akaukunja, akavuka njia.

Sitasimulia alivyoishi humo. Kila nilipokwenda na mifuko ya vifaa nilimkuta anatwanga, amekonda. Mara moja tu aliniuliza mvua ya pili imekaribia kiasi gani, nami nikamwonyesha mawingu yaliyokuwa yanapanda juu ya mto. Alisema kwamba anayasikia. Yule mwanamume alikuwa ananikaribisha kwa adabu ileile, "bwana mwalimu, shemeji," na mimi nilikula chakula chake kwa sababu dada ndiye aliyekipika.

Daktari alisafiri Kinshasa kuonyesha hesabu zake kwa wakubwa na kwa wazungu waliotoa dawa. Aliporudi mvua zilikuwa zimeanza. Tulikwenda kijijini, jeep ikakwama matopeni mara kadhaa, na njia nzima hakuniangalia. Nilidhani ni homa.

Mlangoni pa mbao alimpima yule mwanamume, akampa, akaona ulimi. Dada alitoka. Alikuwa amevaa kitenge kizuri, kile cha harusi yake ya kwanza, na amejipaka mafuta. Alipanda kwenye ubao wa kupimia bila kuambiwa, akainua kidevu, akafungua kiganja. Daktari alishika sanduku lake asilifungue. Akaanza kusema nami kwa sauti ya chini.

Alisema kule Kinshasa wamekaa na kukubaliana. Ambaye hakumeza mara ya kwanza asimeze mara ya pili, maana atavuruga hesabu, hatakuwa wa kundi la waliomeza wala wa kundi la wanaongoja. Wote walioandikwa hawapo wanatolewa. Alisema alibisha. Alisema wanaongoja watapewa wote mwaka ujao, ila huyu hayumo hata kwa hao, yeye daktari atamtafutia namna atakapokuja tena. Alisema samahani. Nataka iandikwe kwamba alisema samahani.

"Mwambie," akasema.

Huo mwaka ujao haukuja. Nchi ilianza kubomoka, askari wakapora miji, daktari akaondoka na ndege moja ya haraka, na nyumba ya stesheni ikabaki na meza tu. Nilisikia baadaye kwamba dawa ilionekana kuwa nzuri sana, kwamba imeokoa macho ya watu wengi katika nchi nyingi, na naamini. Inawezekana hata hesabu ya kijiji kile ilisaidia. Lakini siku ile hatukujua hayo, tulijua tu kwamba kuna mtu juu ya ubao na kiganja chake kiko wazi, na kwamba anayepaswa kumwambia ni mimi.

Nilimwambia. Nilitafsiri kila neno, la hesabu na la samahani, na mwisho hasira ikaniliza. Yule mwanamume alisimama nyuma yake, mkono mmoja kwenye mlango. Dereva alikuwa amesogea karibu nami, nadhani aliona nitaanguka au nitampiga mtu.

Dada alikunja kiganja. Alishuka kwenye ubao kwa kupapasa kwa mguu, akaja upande wetu. Alimpita daktari. Alinipita na mimi. Akamshika dereva mkono, akaufunika kwa mikono yake miwili, akamwinulia uso, uso mzima, kwa upendo.

"Usilie, mudogo wangu," akamwambia. "Haiko kosa yako. Wewe uliniambia vile ulivyoambiwa."

Dereva alinitazama mimi. Kisha akaitikia, "Ndiyo, yaya," na akauacha mkono wake pale mpaka dada alipouachia mwenyewe.